Nafuu ya kodi Minnesota: Walimu na familia za wafanyakazi wadai haki yao

Eden Prairie, kitongoji kilichoko kusini-magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, kinafahamika kama mji wa watu wenye uwezo. Mwaka 2010 jarida la Money liliutaja kuwa wa kwanza kati ya miji midogo iliyo bora zaidi kuishi nchini Marekani. Hata hivyo, miongoni mwa wakazi wake wapatao 64,000 wamo pia madereva wa mabasi ya shule, wahudumu wa wazee, wafanyakazi wa maghala na walimu wasaidizi. Baadhi yao wametoka Afrika Mashariki, wakiwemo Wasomali waliowahi kuishi Nairobi au katika kambi za wakimbizi za Kenya. Kwa watu hawa, kila mwaka inapokaribia tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, kuna fedha nyingi za kupata au za kupoteza.

Tatizo moja linatokana na mazoea ya nyumbani. Mwajiriwa wa Kenya hupata nafuu ya shilingi 2,400 kila mwezi, na mwajiri ndiye anayeipiga hesabu kabla ya kulipa mshahara. Nchini Tanzania, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato, na hapo pia kazi yote ni ya mwajiri. Nchini Marekani mambo ni tofauti. Mwajiri hukata kodi, lakini sehemu kubwa ya nafuu humfikia yule tu aliyejaza fomu na kuidai. IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, imekuwa ikikadiria kwamba mtu mmoja kati ya watano wanaostahili nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, ijulikanayo kama EITC, haidai kabisa.

Ndugu msomaji, kwanza ni vizuri kutofautisha mambo mawili. Lipo punguzo la kipato, ambalo hupunguza kiasi cha mshahara kinachotozwa kodi. Ipo pia nafuu inayorudishwa, ambayo hufuta kodi yenyewe, na fedha inayobaki hulipwa kwako hata kama hukuwa unadaiwa kodi.

Walimu wamepewa lile la kwanza. Tangu mwaka 2002 sheria ya Marekani inamruhusu mwalimu kupunguza kwenye kipato chake fedha alizotoa mfukoni kununulia vitabu na vifaa vya darasani. Kiwango kilikuwa dola 250, na mwaka 2022 kilipanda hadi dola 300. Wengi hawajui kwamba punguzo hili si la wenye leseni ya ualimu peke yao. Mwalimu msaidizi naye anahesabiwa, mradi amefanya kazi saa 900 katika mwaka wa masomo, kuanzia chekechea ya shule hadi darasa la 12. Wanaolea watoto wadogo majumbani au katika vituo vya kulelea watoto hawamo.

Hata hivyo, punguzo hilo ni dogo. Kwa kiwango cha dola 300, mwalimu aliyetozwa asilimia 22 aliokoa dola 66 tu katika kodi ya serikali kuu. Nafuu kubwa zaidi iko upande wa familia.

Mwezi Mei 2023 Gavana Tim Walz, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Mankato, alitia saini sheria iliyoanzisha nafuu ya watoto ya jimbo la Minnesota: dola 1,750 kwa kila mtoto, bila kikomo cha idadi ya watoto. Kwa mapato ya mwaka huo, nafuu hiyo ilianza kupungua kipato kilipozidi dola 35,000 kwa wanandoa waliojaza fomu pamoja, na dola 29,500 kwa wengine.

Tuchukue mfano wa mama anayelea peke yake watoto wawili wadogo, mwalimu msaidizi aliyepata dola 28,000 mwaka 2023. Jimbo lilimpa dola 3,500. EITC ilimpa zaidi ya dola 5,000, na nafuu ya watoto ya serikali kuu karibu dola 4,000. Jumla inapita dola 12,000, sawa na mshahara wake wa takriban miezi mitano. Lile punguzo la mwalimu la dola 300 halikumwongezea chochote katika kodi ya serikali kuu, kwani nafuu ya watoto ilikuwa imekwishaifuta kodi hiyo yote.

Yapo masharti yanayowagusa wahamiaji moja kwa moja. EITC inahitaji namba ya hifadhi ya jamii. Lakini tangu mapato ya mwaka 2023, Minnesota inawakubali pia wanaotumia namba ya mlipakodi iitwayo ITIN kudai nafuu ya jimbo. Aidha, mtoto lazima awe ameishi na wewe nchini Marekani kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Mtoto aliyeko Mombasa, Goma au Dadaab hahesabiwi, hata kama unamtumia fedha kila mwezi. Sharti hilo ni chungu kwa wazazi ambao bado wanangoja watoto wao waruhusiwe kuingia Marekani. Lakini anayemwandika mtoto huyo kwa kupuuza kanuni anaweza kuzuiwa kudai EITC kwa miaka 2, na akithibitika kuwa amefanya udanganyifu, kwa miaka 10.

Minnesota vilevile hurudisha asilimia 75 ya baadhi ya gharama za masomo, hadi dola 1,500 kwa mtoto, kwa familia zenye kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa. Daftari, kalamu na masomo ya ziada yanayotolewa na mwalimu anayekidhi masharti yanakubaliwa. Ada ya madrasa au mafunzo mengine ya dini haikubaliwi.

Wapo wanaotoza ada kubwa kujaza fomu hizi, au kutoa mkopo kwa dhamana ya marejesho yako. Kabla ya kuwaendea, fahamu kwamba vituo vya VITA, vinavyotambuliwa na IRS, huwasaidia bure watu wa kipato cha chini na cha wastani. Aliyesahau kudai naye bado ana nafasi, kwani kwa kawaida serikali kuu inaruhusu miaka mitatu ya kudai marejesho.

Anza kwa kutunza risiti na hati zako za mshahara. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.