Skrini Kali Haikufanyi Rubani: Mambo ya Kujua Kabla Ulipe Karo ya Shule ya Ndege

Ushaziona hizo video TikTok. Msee ako na shati nyeupe na hedseti, mbele yake skrini mbili zinawaka kama PlayStation, na chini Nairobi inaonekana kama uwanja wa kuchezea. Komenti ni zile zile: "Karo ni ngapi?"

Swali poa. Lakini kuna lingine watu hawaulizi: hizo skrini zinakusaidia aje, na zinaweza kukuchoma aje?

Kutoka kabambe hadi smatifoni

Ndege ndogo za kitambo ziko na vipimo sita vya mviringo, kama mita za gari: mwendo, kimo, mwelekeo, kupanda ama kushuka, kukata kona, na kile cha kuonyesha kama ndege imelala upande. Rubani anazungusha macho kwa hivyo vyote, tena na tena.

Siku hizi Cessna 172 mpya inakuja na mtambo wa Garmin G1000. Skrini moja inakupa vipimo vyote pamoja: mwendo kushoto, kimo kulia, katikati buluu ni anga na kahawia ni ardhi. Ya pili inakupa ramani na hali ya injini. Ni kama umetoka kabambe ukapewa smatifoni.

Kwa hivyo ndege ya skrini ni salama zaidi, ama? Tulia kwanza.

Namba zilishangaza watu

Mwaka wa 2010, NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, lilitoa ripoti. Walilinganisha ndege ndogo zaidi ya 8,000 za injini moja zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, zingine za skrini na zingine za vipimo vya mviringo. Kwa miaka ya 2006 na 2007, za skrini zilikuwa na ajali za vifo 1.03 kwa kila saa 100,000 za kuruka. Zile za mviringo? 0.43.

Usikimbie kulaumu skrini. Hizo ndege zilikuwa zinatumika zaidi kwa safari ndefu, na hiyo peke yake inaongeza hatari. Lakini NTSB walisema wazi kwamba mafunzo yalikuwa yamebaki nyuma. Kwa ndege ya kitambo, pampu ikifa, mshale unaanza kulala pole pole. Kwa skrini, kompyuta moja ikizima, vipimo kadhaa vinaweza kupotea mara moja na unabaki ukiangalia alama kubwa nyekundu ya X. Tena kila kampuni inapanga vitu vyake kivyake. Ukijua moja, haimaanishi unajua zote.

Douala, 2007

Hii inatugusa sisi. Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, KQ507, iliondoka Douala, Kameruni, usiku wa manane ikija Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800 mpya, ya miezi kama sita tu, skrini kila mahali. Haikumaliza hata dakika mbili hewani. Watu wote 114 walifariki.

Wachunguzi walipata nini? Kapteni alitamka kwamba otopailoti ishike ndege. Haikushika, na mwenzake hakuthibitisha. Kwa karibu dakika nzima hakuna mtu alikuwa anaendesha, na ndege ikawa inalala kulia pole pole. Nje ni giza totoro, huwezi jua juu ni wapi. Onyo lilipolia, ndege ilikuwa imelala karibu digrii 35. Kapteni akachanganyikiwa, akazungusha usukani huku na huku, wakati mwingine upande ule ule ndege ilikuwa inaangukia.

Kitu cha kuuma ni hiki. Kwa skrini ya 737 kuna herufi ndogo pale juu. Ikisoma CMD, otopailoti imeshika. Ikisoma FD, wewe ndio unaendesha, skrini inakuonyesha njia tu. Jibu hukaa hapo mbele ya macho. Mtu anafaa kulisoma.

Sasa rubani hufunzwa nini?

Kwanza, vitufe unavijulia chini. Unakaa kwa simuleta ama kwa ndege ikiwa imeegeshwa, unabonyeza mpaka vidole vizoee. Hewani si mahali pa kutafuta menyu.

Pili, mwalimu anakuzimia skrini makusudi. Unahamia ile nyingine, ama vile vipimo vidogo vya akiba, na ndege inabaki sawa.

Tatu, bonyeza, angalia, sema kwa sauti. Kidole kikigusa kitufe, hiyo ni nusu ya kazi. Macho yakathibitishe, na mwenzako asikie.

Nne, endesha kwa mkono. Otopailoti ikikuachia ghafla, hiyo si siku ya kujikumbusha.

Tano, angalia nje. Hewa ikiwa safi, ndege zingine na milima viko dirishani.

Kabla utoe doh

Kuna chali wa mtaa wetu anasomea urubani Wilson. Wazazi waliuza ploti. Nilimuuliza mbona alichagua shule yake, akasema, "Ndege zao ziko na skrini." Hakuwa ameuliza kitu kingine.

Kwa leseni ya rubani binafsi, kiwango cha chini cha kimataifa ni saa 40 za kuruka, na kila saa ni pesa. So kabla ulipe, uliza: Simuleta iko? Ina mtambo kama wa ndege nitakayoruka? Nitafunzwa skrini ikizima mara ngapi? Mwalimu mwenyewe alisomea huo mtambo, ama anaubahatisha kama mimi?

Wakikujibu na picha za Instagram, shika doh yako na utafute kwingine.