Kuchagua Fremu ya Pikipiki Kuukuu

Fundi wa Shishiyu, mkoani Simiyu, atakaye kuunda upya pikipiki kuukuu hana budi kuikagua fremu kabla ya injini. Injini mbovu humkwamisha msafiri. Fremu ikivunjika huweza kumwua. Chuma kinachotikiswa mara nyingi huchoka, na ufa huanzia penye kutu au penye kiungo kilichochomelewa, hasa shingoni mwa usukani. Rangi mpya huuficha. Basi rangi ikwanguliwe, chuma kipakwe mafuta ya taa, kisha kifutwe hadi kikauke na kunyunyiziwa unga wa chaki. Mafuta yaliyobaki ndani ya ufa hunyonywa na chaki, kama wino unyonywavyo na karatasi, yakachora mstari wa unyevu. Fremu yenye mstari huo isichaguliwe, hata ikiwa rahisi.