Kompyuta Inaposahau

Wengi wetu hapa Maskati tuna vijana wanaonunua vipuri Ruwi na kujiundia kompyuta nyumbani. Ni elimu njema. Lakini mashine ikizimika ghafla, ikilia bila kuonyesha picha, au mafaili yakiharibika, tusikimbilie kuilaumu diski. Tuikague kwanza kumbukumbu, yaani RAM.

Tuchomoe waya wa umeme, kisha tuguse chuma kitupu cha kasha ili umeme uliojikusanya mwilini ututoke. Tuvitoe vibao vya RAM, tuvipanguse vumbi, tuvirudishe mpaka vibano vishike. Kasi ikiwa imeongezwa katika BIOS, tuirudishe ya kawaida. Halafu tupime kibao kimoja kimoja kwa programu ya MemTest86; kosa hata moja halivumiliki. Kosa likikifuata kibao katika nafasi nyingine, kibao ni kibovu. Likibaki katika nafasi ileile, tushuku ubao mkuu.

Kabla ya hapo, tusizihamishie humo picha za wazee wetu wa Unguja na Pemba. Kumbukumbu mbovu huharibu nakala kimyakimya, na marehemu hapigwi picha tena.