Je, Wajua? Dirisha la Juu ya Kichwa

Je, wajua kwamba siku anga linapofunikwa na mawingu mazito, sehemu yake iliyo utosini huwa na mwanga mara tatu ya ile iliyo kwenye upeo? Wahandisi wa taa wanaitumia hesabu hiyo tangu mwaka 1942, na ndiyo sababu tundu la paa huweza kukiangaza chumba kilichoyashinda madirisha ya ukutani. Dirisha la ukutani huona ukuta wa jirani na kipande cha mbingu. La paa huona mbingu tupu.

Warumi walilijua hilo zamani. Kuba la Pantheon, jengo la enzi za Kaisari Hadrian lililokamilika miaka ya 120 baada ya Kristo, lina upana wa mita 43, na kileleni kuna tundu la zaidi ya mita 8 lisilo na kioo wala kifuniko. Mvua ikinyesha Roma, inanyesha na ndani. Mafundi waliliona mapema: sakafu imebinuka kidogo na ina vitundu 22 vya kupitisha maji. Nyumbani kwako usijaribu.

Uingereza, kwa baridi yake, haikuweza kuishi na tundu wazi. Ikajenga vijumba vya vioo juu ya paa: kuta fupi za kioo pande zote, na kofia juu. Kijumba mashuhuri kuliko vyote kilizaliwa na ajali. Mwaka 1322 mnara wa katikati wa kanisa kuu la Ely uliporomoka, na badala ya kuuinua upya kwa mawe, wakajenga pembenane ya mbao inayomwaga mwanga katikati ya kanisa. Nguzo zake nane za mwaloni zina urefu wa mita 19 kila moja. Jaribu kufikiria walivyozipandisha bila winchi ya mota. Karne tano baadaye msanifu John Soane aliuleta mwanga kwa njia hiyo hiyo katika jumba la picha la Dulwich, London, lililofunguliwa kwa umma mwaka 1817. Kuta zikabaki huru kwa picha.

Nyumba za mawe za Lamu zilifika huko huko bila kioo hata kimoja. Vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali, kwa kawaida chini ya mita 3, lakini katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi kwa juu. Mwanga ukishuka humo hugonga chokaa nyeupe ya kuta na kudunda hadi vyumba vya ndani.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni ya Alfredo Moser, fundi makanika wa Uberaba, Brazil. Mwaka 2002, nchi yake ikisumbuliwa na mgawo wa umeme, alichukua chupa ya plastiki ya lita mbili, akaijaza maji safi, akatia vizibo viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasiote ukijani, kisha akaichomeka kwenye tundu la paa, nusu nje nusu ndani, na kuziba pembeni kwa gundi isiyopitisha maji. Maji huupinda mwanga na kuutawanya chumba kizima. Mchana wa jua, chupa moja hutoa mwanga wa balbu ya wati 40 hadi 60. Wazo hilo limefika hadi Tanzania.

Sasa hili ndilo wengi hawalijui. Jua la London likiwa juu kuliko siku zote, adhuhuri ya Juni, hufika nyuzi 62 kutoka ardhini. Jua la Dar es Salaam likiwa chini kuliko siku zote, adhuhuri ya Juni hiyo hiyo, hufika nyuzi 60. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, husimama utosini kabisa, mlingoti ukakosa kivuli. Kwa hiyo ramani ya kijumba cha vioo iliyochorwa Ulaya, ukiileta Mbezi, Dar es Salaam, kama ilivyo, inakupa oveni. Kioo hupitisha mwanga wa jua, ila joto linalorudishwa na sakafu na makochi hakiliachii litoke kirahisi.

Nalo bati la plastiki la kupitisha mwanga lina shida yake: jua hulifanya manjano na kulikausha, na fundi akilikanyaga miaka michache baadaye anaweza kutumbukia sebuleni. Apite juu ya kenchi, au aweke ubao.

Ukiwa Pwani na unataka mwanga wa juu, mwambie fundi vioo visimame wima, vitazame kaskazini na kusini, wala si mashariki na magharibi. Juu aweke bati la kawaida lenye ukingo unaotokeza: kwa kioo cha kimo cha sentimita 60, ukingo wa sentimita 40 unatosha kuzuia jua la adhuhuri mwaka mzima. Kioo kimoja kiwe cha kufunguka, maana hewa ya moto hupanda na itatafuta pa kutokea. Maungio yote na paa yakaguliwe kabla ya masika.