Virusi Vikiondoka na Harufu

Mnunuzi wa omena katika soko la Busia haamini macho peke yake. Hutia mkono katikati ya gunia, hupapasa kama kuna mchanga, kisha hupeleka kiganja puani. Omena waliokauka vizuri wana harufu kali lakini safi. Walionyeshewa kabla hawajakauka huwa na uvundo wa chini chini usioonekana, na hao mwisho wao ni chakula cha kuku. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Uganda, samaki hao hao huitwa mukene na hupimwa kwa pua vile vile. Muuzaji asiyesikia harufu hana budi kumtegemea mwingine amnusie, na sokoni msaada wa namna hiyo haukosi gharama.

Kupoteza harufu baada ya mafua au homa kali si jambo geni kwa madaktari. Chrissi Kelly, aliyeanzisha shirika la AbScent huko Uingereza kuwasaidia watu waliopoteza uwezo wa kunusa, alipoteza wake mwaka 2012 kutokana na virusi, miaka minane kabla ya korona. Kilichobadilika mwaka 2020 ni wingi wa watu. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi na Uganda tarehe 21. Muda si mrefu madereva wa malori walikuwa wamekwama Malaba na Busia wakingoja majibu ya vipimo, foleni ikirudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya.

Kila kizuizi kilikuwa na kipimajoto. Lakini homa katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kuanzia mjini hadi Kisoko na Nagongera, ina maana gani? Eneo hili limesumbuliwa na malaria kwa kiwango ambacho watafiti wameifuatilia hapa kwa miaka mingi, na mtu akichemka mwili, malaria ndiyo hushukiwa kwanza. Dalili iliyotofautisha ilikuwa ya pua: mtu hana kamasi, anapumua vizuri, na bado sabuni haina harufu. Huko Uingereza, Profesa Claire Hopkins na madaktari wenzake wa pua waliionya serikali kuhusu dalili hii Machi hiyo hiyo. Ilikubaliwa rasmi tarehe 18 Mei. Homa ina kipimo, harufu ni neno la mgonjwa tu; pengine ndiyo sababu ilichelewa kuaminiwa.

Juu kabisa ndani ya pua, chini ya ubongo, kuna utando mdogo wenye mamilioni ya seli za neva zinazonasa harufu. Nyuzi zake hupita katika vitundu vya mfupa na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo. Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua jeni za vipokezi vya harufu. Binadamu ana aina zipatazo 400 zinazofanya kazi. Mwanzoni wengi walidhani korona inaua neva hizi. Mwaka 2020 kundi la Sandeep Robert Datta wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha vingine: mlango ambao virusi huutumia haupo kwenye neva, upo kwenye seli jirani zinazozilisha na kuzishikilia. Seli hizo zikiharibika, neva hunyamaza.

Kwa bahati, utando huu hujizalisha upya maisha yote, ndiyo maana wagonjwa wengi hupona ndani ya wiki chache. Wengine hawaponi upesi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la BMJ ulikadiria kwamba takriban asilimia 5.6 ya waliougua korona hubaki na tatizo la kunusa kwa muda mrefu. Mwaka huo huo timu ya Bradley Goldstein wa Chuo Kikuu cha Duke ilichukua vipande vya utando kutoka kwa watu wa kundi hili. Virusi havikuwemo tena, lakini askari wa kinga walikuwa bado wamepiga kambi wakiendeleza uvimbe, na neva zilikuwa zimepungua.

Nyumbani hasara huonekana kwanza kwenye chakula. Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ladha nzito ya supu. Yaliyobaki huletwa na pua, kwa mvuke unaopanda kutoka nyuma ya koo. Ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga hubaki uzito mdomoni na chumvi kidogo. Mgonjwa hukonda, au huzidisha chumvi na sukari akitafuta kilichopotea, jambo la hatari kwa mwenye presha au kisukari. Mpishi naye huulizwa kosa lake ni nini.

Baada ya miezi kadhaa huweza kuja kioja kingine: harufu inarudi, lakini imepotoka. Kahawa inanuka moshi wa takataka, kuku wa kukaanga ananuka mzoga. Jane Parker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading walizitenganisha kemikali za kahawa moja moja na kukuta chache tu, baadhi zenye salfa, ndizo zinazowachefua wagonjwa. Kemikali za jamii hiyo hutokea chakula kinapokaangwa au kuchomwa. Sasa fikiria jiko la Tororo: karanga na simsim zilizokaangwa, kitunguu, kahawa ya Bugisu, na wimbi lililochachuka likikaangwa kwa ajili ya pombe ya kienyeji. Anayekimbia jiko hilo hana kiburi. Vyakula vilivyopoa na visivyokaangwa humwia rahisi zaidi, na mara nyingi upotovu huu ni dalili kwamba neva zimeanza kuota tena.

Kidonge cha kuponya hakipo. Tiba yenye ushahidi na isiyodhuru ni mazoezi yaliyochapishwa mwaka 2009 na Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani: waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kunusa kila kimoja taratibu kwa sekunde chache, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Mikaratusi imejaa vijijini, malimau na karafuu viko sokoni. Waridi likikosekana, mrehani unafaa. Mtu anuse huku akikumbuka harufu ilivyokuwa. Kujifukiza kunaweza kulegeza kamasi, ila hakurudishi neva, na sufuria ya maji ya moto imeunguza wengi. Dawa za kupachika puani bila ushauri ni hatari: mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya bidhaa za zinki za puani kwa sababu zilihusishwa na upotevu huo huo wa harufu.

Kuna pia suala la usalama. Gesi ya kupikia hutiwa harufu kwa makusudi ili uvujaji ugundulike. Kwa mtu asiyenusa onyo hilo halipo, basi mtungi ufungwe kila baada ya kupika na maungio yapimwe kwa povu la sabuni. Maziwa na mchuzi wa jana vinuswe na mwingine, hata mtoto. Na ambaye harufu imepotea upande mmoja tu wa pua, au anayetokwa damu puani mara kwa mara, asisingizie korona: aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.