Kulala Kwenye Theluji: Mwili Unapopoteza Joto Mlimani

Neno theluji huyapeleka mawazo ya wasomaji wetu wengi Ulaya au Marekani ya Kaskazini, ambako familia hupakia skii na mahema garini siku ya Ijumaa na kurejea mjini Jumapili jioni. Lakini theluji ipo kwetu pia. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kilimanjaro wakiwa na skii zao, na mpaka leo sehemu ya barafu ya Kibo inaitwa kwa jina la Furtwängler. Siku hizi ni nadra mtu kwenda huko kuteleza. Wanaolala katika baridi hiyo ni watalii, na pamoja nao waongozaji, wapishi na wapagazi, ambao baadhi yao hupanda mlima huo mara kadhaa kwa mwaka.

Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Siku ambayo Moshi kuna nyuzi 25, hesabu hiyo peke yake hutupatia kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, kabla upepo haujaanza na jua halijazama. Katika hali hiyo adui wa kwanza ni hipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Ugonjwa huu unatibika vizuri ukigunduliwa mapema. Tatizo ni kwamba dalili zake hudanganya, na hudanganya zaidi pale hali inapozidi kuwa mbaya.

Mwili hupoteza joto kwa njia nne: kwa kugusana na kitu cha baridi, kwa upepo, kwa jasho au maji yanayokauka juu ya ngozi, na kwa mnururisho. Aliyelala hemani huwaza zaidi blanketi la juu, ilhali ardhi iliyo chini yake humnyonya joto usiku kucha. Godoro jembamba lenye hewa au sponji lina thamani kubwa kuliko koti la pili. Unyevu nao ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwani maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Mpagazi aliyebeba kilo 20 hutoka jasho jingi akipanda. Akifika kambini na kuketi na fulana ileile ya pamba iliyolowa, anaanza kupoa ndani ya dakika chache, hata kama jua bado linawaka. Mvua na mawe ya barafu yakimkuta katika nguo hizo, hali hugeuka upesi sana.

Hatua ya kwanza mgonjwa hutetemeka. Kutetemeka ni kazi ya misuli inayozalisha joto, na mtu anayetetemeka kwa nguvu huku akijibu maswali vizuri bado anajitetea. Joto likikaribia nyuzi 32 ulimi unakuwa mzito, vidole havifungi zipu, anajikwaa, anakasirika bila sababu au anataka aachwe alale. Chini ya hapo tetemeko hupungua na hatimaye hukoma. Wenzake huona ametulia, wakadhani amepata nafuu. Huyo ndiye aliye karibu na kifo. Wengine katika hatua hii huvua nguo wakilalamika joto, kwa kuwa mishipa midogo ya ngozi iliyokuwa imejibana hulegea ghafla na damu ya ndani kuijia ngozi. Anayekutwa nusu uchi kwenye theluji asidhaniwe kuwa mlevi au mwenye ugonjwa wa akili mpaka joto lake lipimwe.

Kuyumba na kuchanganyikiwa mlimani kuna sababu nyingine pia. Kileleni kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na ubongo unaweza kuvimba kwa kukosa oksijeni. Mtu huyo huanza na maumivu makali ya kichwa na kutapika, kisha hushindwa kutembea katika mstari ulionyooka. Sababu nyingine ni jiko linalowashwa ndani ya hema lililofungwa ili kupasha joto: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huweza kuua watu wote waliolala humo. Mlango na tundu la hema viwe wazi kila jiko linapowaka, na lizimwe kabla ya kulala. Iwapo huwezi kutofautisha sababu hizi, anza na yale yanayofaa kwa zote: mtoe kwenye hewa chafu, mpe oksijeni kama ipo, mkinge na baridi na mteremshe. Anayeyumba kwa mwinuko asisubirishwe mpaka asubuhi.

Huduma ya kwanza kwa aliyepoa haihitaji vifaa vya gharama. Aingizwe mahali pasipo upepo, avuliwe au akatiwe nguo zilizolowa, alazwe juu ya magodoro na mifuko ya kulalia, afunikwe kichwa, kisha azungushiwe karatasi ya plastiki kuzuia upepo na unyevu. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa ziwekwe kifuani na kwapani, zisigusane na ngozi moja kwa moja. Kama yu macho na anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Sukari ndiyo kuni za kutetemekea. Pombe kali, ambayo bado ina sifa isiyostahili kambini, hufungua mishipa ya ngozi na kulimwaga joto nje. Kusugua mikono na miguu nako kuachwe. Aliyepoa sana abebwe akiwa amelala, taratibu, kwa kuwa moyo baridi unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo kwa mtikisiko mdogo tu. Asisimamishwe wala kulazimishwa kutembea.

Kwa mhudumu wa afya anayempokea, kikwazo cha kwanza huwa kipimajoto. Vipimajoto vya kioo vya kawaida huanzia nyuzi 35, na vingi vya kidijitali huishia 32. Mgonjwa mwenye nyuzi 29 huandikwa 35, au kifaa kikaonyesha alama tu, na watu wakaamini kwamba betri imekwisha. Kila kituo kilicho chini ya mlima kinapaswa kuwa na kipimajoto kinachosoma viwango vya chini, cha kupimia ndani ya mwili. Mapigo nayo huwa hafifu na ya polepole, kwa hiyo upumuaji na mpwito vitafutwe kwa dakika nzima kabla ya kusema havipo. Vikikosekana, kifua kianze kukandamizwa na kazi iendelee wakati wa kupasha joto.

Sababu ya kusisitiza hivyo inaonekana katika tukio la tarehe 20 Mei 1999 karibu na Narvik, Norwei. Daktari Anna Bågenholm, Msweden aliyekuwa na umri wa miaka 29, alianguka akiteleza kwa skii na kunasa chini ya barafu ya kijito. Alikaa majini dakika 80, na katika nusu ya pili ya muda huo moyo wake ulisimama. Alipofikishwa hospitali ya Tromsø joto lake lilikuwa nyuzi 13.7. Wenzake hawakuacha kuukandamiza moyo njiani, na hospitalini damu yake ilipashwa joto kwa mashine inayoizungusha nje ya mwili. Alipona, akarudi kazini akiwa daktari. Ubongo wake ulikuwa umepoa kabla ya kukosa damu, na ubongo baridi huhitaji oksijeni kidogo sana. Si kila aliyepoa atakuwa na bahati hiyo, na mashine kama ile hupatikana tu panapofanyika upasuaji mkubwa wa moyo. Hata hivyo kanuni inabaki: aliyekutwa baridi, asipokuwa na jeraha linaloua dhahiri, asitangazwe kufa kwa sababu ya ubaridi wake pekee.

Vidole vilivyoganda, vyeupe na visivyo na hisia, vishughulikiwe baada ya mwili wenyewe. Huyeyushwa ndani ya maji ya nyuzi 37 hadi 39 kwa muda wa nusu saa hivi, pamoja na dawa ya maumivu, kwani uchungu wake ni mkali. Kama bado kuna safari ya kushuka kwenye baridi na vinaweza kuganda tena, visiyeyushwe makusudi mlimani: kuganda mara ya pili huharibu nyama kuliko mara ya kwanza. Visiwekwe karibu na moto, kwa kuwa mgonjwa hahisi anapoungua. Uamuzi wa kukata unaweza kusubiri wiki kadhaa, hadi mpaka wa nyama iliyokufa uonekane wazi.