Flaviana Matata: Kutoka taji la 2007 hadi rangi ya kucha dukani

MAGARAMA, GITEGA – Mei 28, 2007, jijini Mexico City, binti wa Kitanzania aliyenyoa nywele zote alipanda jukwaani kwenye fainali za Miss Universe na kuingia kumi bora. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, Julai 1, Burundi ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Lakini wafanyabiashara wa Magarama wanaofuata mzigo Tanzania kwa njia ya Karuzi, Muyinga na Kobero wana sababu ya kuijua habari ya binti huyo, kwa kuwa leo ni mfanyabiashara mwenzao.

Anaitwa Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi meli ya MV Bukoba ilipopinduka na kuzama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996. Meli hiyo ilikuwa njia kuu ya watu wa Kagera kwenda Mwanza: wanafunzi, watumishi wa serikali, na zaidi ya wote wachuuzi na mikungu yao ya ndizi. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Waliofika kuokoa walitoboa chuma cha meli ili kuwatoa waliokwama ndani, hewa ikatoka, meli ikazama moja kwa moja. Mamia ya watu walikufa, mama yake Flaviana akiwa mmoja wao.

Baadaye alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo cha Ufundi Arusha. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika habari za walimbwende, kana kwamba ni pambo tu, lakini linastahili kuangaliwa. Msichana aliyezoea kusoma michoro ya nyaya hakuingia kwenye urembo kwa kukosa la kufanya.

Mwaka 2007 Tanzania ilikuwa inaanza kupeleka mshiriki Miss Universe, kupitia kampuni ya Compass Communications chini ya Maria Sarungi Tsehai. Watu walikuwa wamezoea Miss Tanzania, mashindano yaliyopigwa marufuku tangu miaka ya 1960 na kurudi mwaka 1994. Miaka miwili tu kabla, Nancy Sumari alikuwa ametwaa taji la Miss World Afrika huko Sanya, China, na nchi nzima ilikuwa bado inalizungumzia. Mashindano mapya yalihitaji mshindi atakayekumbukwa. Wakampata Flaviana, mrefu, mweusi, mwembamba, na kichwa kisicho na unywele.

Kipara hicho kilikuwa na uzito kuliko inavyoonekana leo. Kwenye majukwaa hayo mlimbwende alitarajiwa awe na nywele ndefu, na asiyekuwa nazo alinunua za bandia. Yeye alipanda kama alivyo. Taji lilikwenda kwa Riyo Mori wa Japani, lakini sura iliyobaki machoni mwa wengi ilikuwa ya Mtanzania.

Hapo ndipo hadithi za walimbwende wengi huishia. Taji la taifa ni la mwaka mmoja. Gari la zawadi linaanza kudai matengenezo, mialiko inapungua, na mwaka unaofuata kuna sura mpya gazetini. Wapo waliopata njia nyingine. Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006, aliingia kwenye filamu. Jokate Mwegelo, aliyekuwa mshindi wa pili mwaka huo huo, aliweka jina la Kidoti kwenye nywele za bandia na ndala, kisha mwaka 2018 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Kwa hesabu ya biashara, mshindi wa pili ndiye aliyefika mbali zaidi sokoni.

Flaviana alichagua kwenda kuuza kazi yake mahali ambapo hakuna aliyemjua. Alihamia Afrika Kusini akifanya kazi ya mitindo, kisha New York. Mwanamitindo hana mshahara. Hupanga foleni kwenye usaili, hukataliwa mara nyingi kuliko anavyokubaliwa, na wakala hukata asilimia yake kabla fedha hazijamfikia. Mchuuzi anayemtegemea dalali wa mazao anauelewa mpango huo bila kufafanuliwa. Alipita majukwaani kwa ajili ya wabunifu wakubwa, Vivienne Westwood akiwemo, na mwaka 2011 jarida la Arise la Nigeria lilimtaja kuwa mwanamitindo bora wa mwaka.

Alirudi Tanzania na bidhaa. Jina aliloliweka kwenye chupa ni Lavy, neno linalosikika ndani ya jina lake mwenyewe, na bidhaa ya kwanza ilikuwa rangi ya kucha. Mtu anaweza kuicheka rangi ya kucha. Muuza vipodozi hawezi. Ni chupa ndogo, haichukui nafasi kwenye begi, haiozi njiani, na mteja akiridhika na rangi moja hurudi kuulizia nyingine.

Bidhaa yenye jina la mtu maarufu, hata hivyo, ina masharti yake mpakani, na hapa wengi hujikwaa. Afisa wa forodha pale Kobero haulizi mwenye jina ni raia wa wapi. Anauliza bidhaa imetengenezwa wapi. Iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, ikiwa na hati ya uasili, haitozwi ushuru wa forodha, na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa hati rahisi ikiwa bidhaa hiyo imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Bidhaa iliyokamilika kutoka nje ya Jumuiya kwa kawaida hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 baadhi zimepandishwa hadi asilimia 35, hata kama zimenunuliwa Kariakoo na kibandiko kina picha ya Mtanzania. Kodi nyingine za ndani zinabaki palepale katika hali zote mbili.

Lipo pia suala la jina lenyewe. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA inalindwa Tanzania Bara tu. Hata Zanzibar ina ofisi yake ya usajili. Anayetaka jina lake liheshimiwe Burundi sharti alisajili Burundi, la sivyo mwingine anaweza kulitangulia. Kwa mtu ambaye jina ndilo mtaji wake, huo ni mlango ulioachwa wazi, na Jumuiya iliyoweza kuelewana kuhusu alama za ubora kwa sheria ya mwaka 2006 imechelewa mno kuufunga.

Kutoka rangi ya kucha, Lavy iliingia kwenye taulo za kike. Soko hilo halina mchezo. Julai 2018 Tanzania iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo hizo, na Julai 2019 ikairudisha, serikali ikisema bei kwa mlaji haikushuka. Kenya iliiondoa kodi hiyo tangu mwaka 2004. Muuzaji wa jumla aliyeweka mzigo ghalani wakati wa mabadiliko hayo anajua hesabu inavyovurugika ndani ya mwaka mmoja wa fedha.

Taulo hizo zinakutana na kazi yake nyingine. Mwaka 2011 alianzisha taasisi ya Flaviana Matata Foundation, inayowalipia ada wasichana na kugawa vifaa vya shule. Taasisi hiyo iliichukua pia Shule ya Msingi Msinune, wilayani Bagamoyo, na kuikarabati. Msichana anayekosa darasa siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa taulo hasaidiwi na ada peke yake.

Taasisi hiyo pia ilipeleka Mwanza maboya ya kujiokolea, katika kumbukumbu ya wale waliokufa kwenye MV Bukoba. Wapo waliodhani ni jambo la kumbukumbu tu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kwenye ziwa hilohilo, kikiwa kimejaza abiria na mizigo kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 220 wakafa. Ilikuwa Alhamisi, na wengi walikuwa wanatoka gulioni Bugolora.